Risasi Inayokubali Ukucha

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja na ndoana alizozisubu mwenyewe, zenye vichwa vya risasi, ile metali nzito ya kuyeyusha. Baba mkwe kamwita mvuvi halisi. Mimi kaniita mla samaki. Mbele ya mke wangu! Jumamosi twende bwawani, tuone nani ni nani. Kalibu ya kuimiminia ninayo. Bado risasi tu.

Jumanne, 4 Machi
Fundi tairi kanipa kopo zima la vizito vya kusawazishia magurudumu. Bure! Jirani yangu, fundi bomba, kaniasa: risasi ya kusubia ndoana iwe laini, ukiikwaruza kwa ukucha iache alama, vizito hivyo ni vigumu, vingine hata si risasi. Nikamjibu kigumu ndicho imara. Akatikisa kichwa. Wivu.

Jumatano, 5 Machi
Nimekoka moto uani. Nusu ya vizito vimeyeyuka, nusu vinaelea juu, vinanitazama. Vichwa vimetoka na mapengo kama kibogoyo. Mke kauliza sufuria yake ndogo iko wapi. Nimesema kaazima fundi bomba.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejilaza sebuleni, hoi. Upepo unavuma, mapazia hayatikisiki. Kwa nini? Nikapapasa pindo. Risasi! Vipande kumi na viwili, vimeshonewa ndani. Nikakwaruza: ukucha ukazama. Mke yuko sokoni, wembe upo. Vichwa vimetoka laini kama yai. Mimi ni bingwa!

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kaja kunywa chai. Pazia likapaa, likamfunika, yeye na kikombe chake. Nikasema upepo wa siku hizi hauna adabu. Mke akapapasa pindo. Akanimiminia chai huku akitabasamu. Bora angefoka.

Jumamosi, 8 Machi
Samaki tisa! Shemeji kapata mmoja, wa saizi ya kidole gumba. Baba mkwe kanishika bega: "Mwanangu, kumbe mvuvi ni wewe!" Miaka kumi na mmoja ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza kuniita mwanangu. Mke kala wawili, kanisamehe kwa sharti moja: nisiguse tena kitu chake bila kuomba. Nimeapa, mikono yote miwili juu.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe kaagiza ndoana sita, zenye vichwa vyekundu. Sita! Rangi nyekundu nitaitoa wapi Jumapili? Mezani kwa mke kuna chupa ya rangi ya kucha, mpya, nyekundu ya moto. Ningemwomba, lakini yuko kwa mama yake, na mtu mzima hasumbuliwi kwa vitu vidogo. Vichwa vinne vimeshakauka dirishani. Vinang'aa! Chupa imeisha. Bahati nzuri, kwenye droo ipo nyingine.