Ishirini na Moja kwenye Foleni ya Alizeti

Jumatatu, 10 Juni
Mambo safi! Gunia letu la alizeti ni la tatu kwenye foleni ya mashine ya Mzee Mughwai, hapa Mwankoko. Jumapili binti yetu Pendo anapata kipaimara. Mke wangu Editha anataka mafuta mapya jikoni ifikapo Ijumaa, na jogoo mwekundu ameshatengwa kwa sherehe. Yeye anaridhika na nafasi ya tatu. Mimi siyo mtu wa nafasi ya tatu.

Wa kwanza ni shemeji yangu Leonard, kaka yake Editha. Kila mwaka yeye! Wanaosubiri hucheza karata juu ya magunia, mchezo wa ishirini na moja: mshindi ni anayeikaribia namba hiyo bila kuipita, na dau ni zamu. Ukimshinda mwenzako unachukua nafasi yake. Ukishindwa, gunia lako linaburutwa mkiani. Anayegawa ni Leonard.

Leo nimekuta siri kwenye simu. Jedwali zima! Linakuambia lini uongeze karata na lini utulie. Wataalamu wanaliita kanuni ya msingi. Nimelinakili lote kwenye boksi la sabuni.

Jumanne, 11 Juni
Nimekariri kutwa. Pendo naye anakariri katekisimu. Akaniuliza vipaji vya Roho Mtakatifu ni vingapi. Nikajibu kumi na sita, ongeza. Editha akapiga ishara ya msalaba.

Baadaye Editha akauliza kama karata za pale mashineni si zile zile za mchezo wa albastini. Nikamwambia karata ni karata. Hesabu hizi ni nzito kwake.

Jumatano, 12 Juni
Nimeonewa! Nilikuwa na kumi na tatu, Leonard kaonyesha sita. Kanuni iko wazi: mgawaji akionyesha sita, tulia, atapita ishirini na moja, aungue mwenyewe. Nikatulia. Leonard akauliza kama lile boksi nimeandikiwa na daktari. Akafunua jeki, yaani kumi. Kumi na sita! Lazima aongeze. Nikaanza kusimama nikahamishe gunia langu mbele. Akavuta tano. Ishirini na moja kamili.

Gunia letu sasa ni la kumi na nne. Nimemwambia Editha mkanda wa mashine umekatika.

Alhamisi, 13 Juni
Editha amekutana bombani na wifi yake, mke wa Leonard, akaambiwa yote. Mashine inanguruma tangu asubuhi, na Leonard ameshakamua. Nilitegemea makelele. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Pendo ni binti yake wa pekee, na kwamba wageni wakila vya kukopa jikoni kwake, aibu itakuwa yake, siyo yangu. Nimeumia kweli. Nikatoka nje, nikakaa na jogoo.

Hapo ndipo wazo lilipokuja.

Ijumaa, 14 Juni
Nilipanga hivi: jogoo kwa dumu moja la mafuta ya Leonard. Ningerudi na vyote viwili. Nikapata sita na tano. Kumi na moja! Kanuni inasema hapo zidisha dau mara mbili, chukua karata moja. Nikaweka na koti langu la harusi. Nikavuta mbili.

Leonard akafunua mfalme na saba.

Nikadai ukaguzi. Wiki nzima sijaona karata ya kumi hata moja! Tukazimwaga karata juu ya gunia. Hakuna nane, hakuna tisa, hakuna kumi. Leonard akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza tangu lini karata za albastini zikawa na nane. Mzee Mughwai alizima mashine ili acheke vizuri. Kwaheri yangu hakuisikia.

Najua albastini haina nane! Nimeicheza tangu utoto. Ila jedwali lilitakiwa kusema kwamba linataka karata zote hamsini na mbili.

Nimemwambia Editha jogoo kachukuliwa na kicheche.

Jumapili, 16 Juni
Pendo alipendeza sana ndani ya gauni jeupe. Nililia kidogo kanisani.

Tukiwa nyumbani akaingia Leonard, madumu mawili mkononi, jogoo mwekundu kwapani. Vigelegele! Mjomba mtu, mjomba mtu! Editha akamtazama jogoo. Akanitazama mimi. Akaingia jikoni.

Mama mkwe, Mama Agnes, ndiye aliyegawa nyama. Firigisi ya nyumba hii ni yangu tangu siku ya ndoa. Nikasogeza sahani. Mama Agnes akasema leo apewe aliyeleta jogoo, akaiweka kwa Leonard. Mimi nikapewa shingo. Leonard aliitafuna ile firigisi taratibu, huku ananiangalia, na amevaa koti langu.

Jumatatu, 17 Juni
Editha amewashia moto boksi langu. Hasemi na mimi ila kupitia kwa Pendo.

Haidhuru. Nimekwenda Singida Mjini kununua karata mpya. Nimezihesabu mara tatu: hamsini na mbili, nane zote zipo. Leonard ana gunia jingine kwenye foleni na amekubali tucheze tena. Kanuni naikumbuka yote, isipokuwa ule mstari wa kumi na sita. Nimeongezea dau mitetea miwili ya Editha. Nitamwambia nikirudi.

Halafu nimepita mashineni. Gunia letu limefika nafasi ya pili, kesho mchana tunakamua.

Ya pili! Mimi siyo mtu wa nafasi ya pili.