Utando wa Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Mvua. Mjukuu wangu kaja na vioo kumi na viwili ndani ya boksi la viatu. Maabara yao inavuja. Vimepakwa kitu cheusi cha kunasa jua kitoe umeme: shaba, zinki, bati, kiberiti. Bei rahisi, anasema, na hakina sumu. Miaka mitatu ya kazi! Ijumaa wanakuja wakaguzi. Wasiporidhika, meza yake ya maabara anapewa mwingine. Binti hali chakula, wala halali usingizi.

Jumanne, 4 Juni
Mdogo wangu kapita kuchungulia. Mjukuu wake yumo maabara hiyohiyo. Yeye anatumia madini ya risasi, sumu tupu, lakini eti vioo vyake vinang'aa. Akaniuliza kama vyetu vilipikwa kwa kuni. Nikamwambia atoke na miguu yake ya matope. Ila roho iliniuma. Kweli ni vyeusi kama tako la sufuria.

Jumatano, 5 Juni
Nimemsikia mjukuu kwenye simu, sauti ya kilio: tatizo ni utando, utando haujakaa sawa. Utando! Kumbe ni huo tu? Nyumba hii naitoa utando mwaka wa arobaini sasa. Wasomi bwana! Kesho akitoka, nitamsaidia. Kimyakimya.

Alhamisi, 6 Juni
Majivu, ndimu, chuma cha kusugulia sufuria. Utando mkaidi huo! Kucha mbili zimekwenda. Lakini vyote vinang'aa, unaona mpaka upande wa pili. Nimevirudisha, boksi nimelifunga kamba. Mdogo wangu atapasuka.

Ijumaa, 7 Juni
Mjukuu kalifungua boksi mbele ya wakaguzi. Mmoja akauliza kama ni vioo vya dirisha. Meza kapewa mjukuu wa mdogo wangu.
Karudi, hakunifokea. Heri angenifokea. Kakaa kwenye ngazi, mvua yote yake, akasema taratibu: Bibi, utando ndio kazi yenyewe.

Jumapili, 9 Juni
Hakuna aliyekula. Mwalimu wake kamhurumia: kampa kona ya stoo, wiki mbili, aanze upya.
Kosa si langu. Nani alimtuma kitu cha maana akiite utando? Angekiita rangi, nisingekigusa.

Jumatano, 19 Juni
Kaleta kioo. Kimoja tu. Kesho anakipeleka, ndiyo nafasi ya mwisho. Kaniapisha: Bibi, usisugue. Nimeapa, na mimi sivunji kiapo.
Ila nimemsikia akimwambia mwalimu kuwa safari hii utando umekaa vizuri, shida ni vitundu vidogovidogo.
Vitundu!
Gundi ninayo. Sisugui. Naziba tu.