Santuri ya Baba Niliyopewa Ni Toleo la Saba

Kwa Dada Mkubwa, Mkunga Mstaafu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa roho. Nakuandikia rasmi kwa sababu kwenye simu unacheka.

Marehemu baba alituachia santuri mbili za simfoni moja, okestra ileile, majalada yamefanana kama mapacha. Tukapiga kura, moja ikaja kwangu, moja ikaenda kwako. Nasikitika kukujulisha kwamba nimepunjwa, kama ifuatavyo:

1. Santuri za kwanza kutoka kiwandani, kalibu ya kuzichapia ikiwa bado mpya, ndizo zenye sauti safi. Hutambuliwa kwa nambari iliyokwaruzwa karibu na lebo: ikiwa ndogo, ilitoka mapema. Yangu ni saba. Saba, dada!

2. Yako hutaki niione. Jumapili nilikuja na mizani ya ofisini, maana santuri za mwanzo ni nzito, ukanifukuza mezani eti watu wanakula. Nimekagua mizani za wenye maduka miaka ishirini na sita, na anayekataa kupimwa huwa namwandika papo hapo. Mwenye haki haogopi mizani.

3. Wewe ni kifungua mimba. Ulitoka mama akiwa na nguvu zake, ndiyo maana hadi leo una meno yote. Mimi kitinda mimba nilitoka kalibu imeshachoka, na magoti yananiuma tangu shule ya msingi. Sasa mtu aliyejaliwa kuwa toleo la kwanza yeye mwenyewe, anataka na santuri pia? Jamani!

4. Kwa hiyo naomba tubadilishane kabla ya mwisho wa mwezi. Ukikataa, nitaitisha kikao cha ukoo kichunguze upya nani hasa alizaliwa kwanza. Vyeti vya kuzaliwa sitavipokea, kwani viliandikwa na wakunga wenzako.

Nisalimie shemeji, watoto, na yule jirani aliyenishikia mizani.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, niliyedhulumiwa,
Mkaguzi wa Vipimo

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika niliipangusa santuri yangu, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Ile saba ilikuwa moja yenye unywele kichwani. Toleo la kwanza ninalo mimi. Hata hivyo ombi langu liko palepale. Yako ndiyo ile iliyokuwa ikikwama katikati, baba anainuka kuisogeza sindano, anatuambia tusiondoke. Yangu inapiga mpaka mwisho, dada, na hakuna anayeinuka.