Uzamili wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwanafunzi wa falsafa. Kwa jina la mke wangu, lakini mwanafunzi ni mwanafunzi.

Niandike mambo yalivyo, ili nikija kusifiwa nisisahau. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jioni alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya falsafa, mtandaoni, hapa hapa mezani. Alibakiza muhula mmoja. Tulimzika Januari. Chuo hakina habari. Kitajuaje? Chuo kiko huko kiliko, hakijawahi hata kunywa chai kwetu. Kila Jumatatu kinamwandikia kwamba mpendwa mwanafunzi, umekosa kipindi. Nilinyamaza. Kikaandika tena, nikanyamaza tena. Leo kimesema asipoonekana wiki hii atafutwa. Kumfuta! Mke wangu! Mtu aliyepata A ya Mantiki huku anasahihisha madaftari ya darasa zima!

Nikafungua kompyuta yake. Neno la siri nalijua, ni jina langu la utani, Bwana Baridi. Mimi ni fundi friji. Nikaingia. Kando ya jina lake kikawaka kitone cha kijani, na chini yake wameandika: yupo. Nikakaa nakitazama mpaka chai ikapoa.

Mpango ni mwepesi. Nitasema kamera mbovu, na kipaza sauti nacho kibovu. Nitaandika insha zilizobaki. Siku ya mahafali yatasomwa majina yake, yote matatu, kwa sauti, watu wote wasikie. Basi, hilo tu ndilo ninalotaka. Falsafa yenyewe ni maneno, na mimi maneno hayajawahi kuniishia. Waulize wateja.

Jumatano, 5 Machi

Kipindi cha kwanza. Kamera nimezima, nimevaa shati zuri hata hivyo.

Mwalimu ni mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Amenikaribisha, akasema darasa lilipooza bila mimi. Nikajisikia vizuri kweli kweli, mpaka nilipokumbuka kwamba si mimi.

Halafu kuna huyu mzee. Mstaafu wa forodha. Kila anapofungua mdomo anaanza na “kwa hakika”. Katika darasa la falsafa, ambako mpaka sasa sijasikia jambo moja lenye hakika! Nimempa jina papo hapo: Kwa Hakika. Ameandika ukurasani, mbele ya watu wote, kwamba dada umetupotea mno, kwa hakika nilibaki sina wa kunipinga.

Umetupotea! Amempotea nani? Ni mke wa mtu huyo!

Akashusha hoja ndefu, aya juu ya aya, kuhusu mtu aliyebadilika kila kitu, kama bado ni yule yule au ni mwingine. Nikamtolea uvivu. Nikamwandikia kwamba amesema mengi ila hajasema kitu. Akajibu kwa upole kwamba dada siku hizi umekuwa mkali. Punde Mwalimu akaniandikia pembeni, akanikumbusha kuheshimu wenzangu.

Yaani siku ya kwanza tu nimemtafutia mke wangu onyo. Maishani mwake hakuwahi kuonywa na mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Insha imekwisha! Swali lilikuwa lile lile la kubadilika. Mke wangu angesoma vitabu wiki nzima. Mimi nimetumia friji la mwenye bucha.

Friji hilo nimelibadilisha kompresa. Nikalibadilisha mpira wa mlango, kisha mlango wenyewe. Gesi ndiyo usiseme. Kilichobaki cha zamani ni miguu. Lakini mwenye bucha bado analiita friji lake la siku zote, na matusi anayonitukana ni yale yale. Nikahitimisha kwamba kitu hubaki kile kile maadamu lawama zake hazijabadilika. Nilipoisoma nilisimama nikajipigia makofi. Nimetuma.

Mwenye bucha kapiga simu asubuhi kusema friji limezima na nyama inaanza kulegea. Nikamwambia sina nafasi, nasoma. Akauliza nasoma nini. Nikamwambia falsafa. Akauliza kama hiyo falsafa inagandisha. Nikamkatia.

Watu hawathamini elimu.

Jumatatu, 10 Machi

D.

Mwalimu ameandika kwamba mfano unachekesha, hoja haionekani. Hayo ningeyameza. Lakini ukurasa wa mke wangu una mstari unaoonyesha alama zake tangu aanze. Ulikuwa unapanda, umetulia, kama yeye mwenyewe alivyokuwa. Leo umeporomoka. Nimemwangusha. Nilikuja kumsaidia, na mtu mwenyewe hawezi hata kunigombeza.

Nikaamua kusoma insha zake za nyuma, niibe mtindo. Ndipo nikakuta moja inayohusu vitu visivyokuwapo. Katikati ameandika: “Fundi mmoja ninayeishi naye husema kwamba baridi si kitu. Ni joto lililoondolewa.”

Mimi huyo! Niliyasema hayo mezani, mdomo umejaa, baada ya yeye kuniuliza swali wakati mimi nataka kula. Nilidhani hasikilizi. Kumbe alikwenda kuandika. Alipata A, na pembeni Mwalimu ameandika: mpe fundi wako salamu.

Salamu hizo hakunipa. Labda alinipa nikawa nimesinzia. Nimelia, si kidogo, mpaka mpangaji wa jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nikamwambia natengeneza friji. Nilipomaliza nikanawa uso, nikaenda kwa mwenye bucha. Hakunitukana leo. Nadhani aliniona macho.

Jumatano, 12 Machi

Maji ya shingo! Mwalimu ameandika kwamba mwanafunzi ambaye alama zake zimeshuka ghafla atafanya mtihani wa mdomo. Ijumaa. Ana kwa ana, kamera imewashwa, bila udhuru.

Nikawaza hadi mchana. Kisha nikajipiga paji la uso. Shemeji!

Mdogo wake mke wangu ana saluni karibu na soko. Sura ile ile. Sauti ndiyo kabisa. Tangu Januari akinipigia simu huwa siipokei, namwandikia tu kwamba niko kazini. Nikaenda. Alikuwa anamsuka mteja. Nikamweleza mpango wote: yeye akae mezani, mimi nijifiche nyuma ya kompyuta nimwinulie karatasi zenye majibu. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikasema hapana. Akauliza tena, taratibu zaidi.

Nikamwambia ni kwa ajili ya jina la dada yake. Hapo mikono yake ikasimama kichwani mwa mteja, mpaka mteja akalalamika kwamba shingo inamuuma. Mwishowe amekubali, kwa sharti moja. Mtihani ukiisha nimruhusu afungue kabati la dada yake, nguo zigawiwe, maana wenye haki nazo wanangoja na mimi nimelifunga kwa kufuli. Nikasema sawa. Sina nia hiyo hata kidogo, ila nimesema sawa.

Mke wangu alikuwa ananiambia kwamba mimi husema sawa kama anayefunga mlango. Alinijua huyo.

Ijumaa, 14 Machi

Nilijipanga barabara. Karatasi kubwa, herufi nene kama za kibao cha duka. Shemeji akaja na nguo zake za saluni, zimejaa nywele. Nikasema hapana, msomi havai hivyo. Nikafungua kabati mwenyewe, haraka, nimezuia pumzi, nikamtolea gauni la bluu. Akaenda kuvaa.

Akatoka. Akakaa kwenye kile kiti. Akaweka mikono mezani.

Sikutegemea. Naapa sikutegemea. Niliupanga mpango wote ule bila kujiuliza kwamba na mimi nitakuwa namtazama.

Mwalimu akatokea kwenye kioo, shemeji akamsalimu, na sauti ikajaa chumba. Mwalimu akauliza swali: tukisema mtu fulani hayupo, je, pale alipokuwa pana nini? Jibu nilikuwa nalo! Limo katika karatasi, nimelinakili kutoka insha ya mke wangu mwenyewe, na mimi nimo ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kuinua mikono tu. Haikuinuka. Nilikaa namwangalia. Shemeji akanipiga teke chini ya meza. Nikaendelea kumwangalia.

Mwalimu akarudia swali. Shemeji akafuta macho kwa kiganja, akasema yeye si mwanafunzi, ni mdogo wake. Dada tulimzika Januari. Na nyuma ya kompyuta hii amejificha mume wake. Akasema si mtu mbaya. Ni kwamba hataki kusikia. Kisha akaniambia shemeji, toka huko.

Nikatoka na karatasi zangu. Mwalimu akanitazama. Nikamwambia kamera imepona.

Hakucheka. Aliuliza kama mimi ndiye fundi. Nikasema ndiye. Akanipa pole, akatoa miwani akaifuta. Shemeji akaondoka bila kudai kabati. Ila gauni la bluu ameondoka nalo mwilini, na sikuwa na nguvu za kumwambia alivue.

Jumamosi, 15 Machi

Mwalimu ametangaza msiba darasani. Kuanzia asubuhi pole zinaingia. Nimezisoma zote kwa utulivu mpaka nilipofika kwa Kwa Hakika.

Ameandika bila hata “kwa hakika” moja. Anasema mkewe alishamtangulia, na alipostaafu nyumba ikawa kimya, ndiyo sababu akajiandikisha chuo. Anasema hoja zile ndefu alikuwa anaziandika makusudi zikiwa na tundu, ili aone dada atapitia wapi kuzibomoa. Ndiyo iliyokuwa raha yake ya wiki.

Nilipandwa na hasira! Nani kamruhusu huyu kumlilia mke wangu? Foleni ya kumlilia ina mwenyewe! Nikaandika tusi, nikalifuta. Nikaandika lingine, zuri zaidi, nikalifuta. Mwisho nikamwuliza kama kuna siku dada aliwahi kunitaja.

Akajibu hapo hapo. Dada aliwaambia darasani kwamba hoja zake huzijaribu kwanza kwa mumewe, maana mumewe hakubali kitu.

Nimeisoma mara nyingi leo. Kwa Hakika bado simpendi, ila nimemjibu ahsante.

Jumapili, 16 Machi

Habari njema kuliko zote! Mwalimu amezungumza na baraza la chuo. Insha yangu itaondolewa, mstari utarudi juu ulikokuwa. Kazi aliyoifanya mke wangu mwenyewe inatosha. Watampa shahada yake. Majina yatasomwa, yote matatu, kwa sauti. Watu watasimama. Mimi nitapanda jukwaani kumpokelea.

Ndicho nilichokuwa nataka! Bila hila, bila kujificha. Kinachohitajika ni kitu kimoja: mimi, mume wake, niandike sentensi moja kukiarifu chuo kwamba amefanya nini. Leo, kabla baraza halijafunga orodha.

Nimemwandikia shemeji habari hizo, naye kapiga simu. Nimepokea, safari hii nimepokea. Alikuwa analia kwa furaha. Akaniambia andika basi, shemeji, sentensi moja tu, dada ameivujia jasho hii shahada. Nikasema sawa.

Nikakaa mezani. “Napenda kukiarifu chuo kwamba mke wangu.” Hapo nikakwama. Nikaandika amesafiri. Nikafuta. Ametangulia. Nikafuta. Amepumzika. Uongo! Yule mama hakuwahi kupumzika. Neno lenyewe hasa, lile fupi ambalo hata mtoto analijua, vidole vimekataa. Sasa ndiyo naona kwamba hata humu ndani, tangu Jumatatu ile, sijaliandika. Nimeandika tu kwamba tulimzika.

Nikamwuliza Mwalimu: nikishaandika, ukurasa wake utakuwaje? Akanijibu kwa upole kwamba utafungwa siku hiyo hiyo, ndio utaratibu.

Basi nikaelewa wanachonitaka. Wanipe karatasi ya kutundika ukutani, na mimi niwape mahali pekee duniani panaposema yupo. Shuleni wamempata mwalimu mwingine. Namba yake ya simu wameshampa mtu mwingine. Shemeji anataka kabati. Kila mtu ana haraka na mke wangu!

Lakini sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, na nampenda.

Kwa hiyo nimejibu, tena kwa adabu, na kwa mtindo wake kabisa. Hoja hii mara moja ingepata A. Nimeandika kwamba mke wangu ameipokea heshima hiyo na analishukuru sana baraza. Ila akijiangalia, anaona bado hajaiva. Anaomba kurudia mwaka mzima.