Tapeli Aliyeniamkia Shikamoo

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya bosi, mpishi na wageni wawili waliokuwa wanasubiri chai. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana Mikumi habari haikai.

Mnajua nafanya kazi mapokezi kwenye gesti. Shule yangu iliishia darasa la saba (na hilo la saba nililirudia), kompyuta nimejifunzia hapahapa kazini. Barua pepe za gesti zinaingia kwenye programu ya ile kompyuta ya mezani. Naifungua, barua zimejipanga, najibu. Sijawahi kuuliza zaidi.

Asubuhi nikapigiwa simu na mwalimu anayetaka kuleta wanafunzi kuona wanyama.

"Dada Eliza, barua yako ya juzi nimeipata, lakini imetoka anwani nyingine. Ya siku zote inaanza na mapokezi, hii inaanza na maoni. Ni nyie kweli, au matapeli?"

Kweli juzi nilimwandikia, lakini anwani yangu ni mapokezi, nyingine siijui. Nikamwomba anisomee. Akasoma. Maneno yangu yote, mpaka "karibuni sana, mjisikie nyumbani". Kumbe kuna mtu anadaka barua zangu njiani na kuzipeleka kwa jina lake.

Sipendi kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Nikaamua kumwandikia huyo Maoni mwenyewe. Nikaanza kwa kumwamkia, maana huwezi kujua, hata tapeli anaweza kuwa na umri wa baba yako.

"Shikamoo. Samahani, wewe ni nani, na unatumia jina la gesti kwa ruhusa ya nani?"

Haikupita hata dakika, barua ikaingia kutoka kwa Maoni: "Shikamoo. Samahani, wewe ni nani, na unatumia jina la gesti kwa ruhusa ya nani?"

Ananiiga. Kama mtoto mtukutu. Lakini kusema haki, ameniamkia. Nikamjibu:

"Marahaba. Sasa jitambulishe."

Naye papo hapo: "Marahaba. Sasa jitambulishe."

(Mtu ameniamkia mwenyewe, halafu anaitikia tena marahaba. Ana miaka mingapi huyu?)

Nikasema ngoja nimtishe. Nikaandika neno moja tu: "Nakuona."

Ikaja: "Nakuona."

Nikafunga pazia. Kabla sijalifunga nilichungulia nje, nikakuta nyani amekaa juu ya pipa la taka ananitazama. Huyo nikamtoa kwenye orodha ya washukiwa.

Wakabaki watu. Nikapiga hesabu zangu. Anayejibu haraka hivi yuko karibu. Na mtu aliyetangulia kusema shikamoo ni mdogo kwangu, mkubwa hawezi kumwamkia mdogo hata akiwa mwizi. Hapa gesti tuko watatu. Mpishi, Mzee Yohana, nilimkuta ana mvi, na simu yake ni ya tochi. Mimi ni mimi. Amebaki Tatu, msichana wa usafi, miaka ishirini na miwili. Nikachungulia uani. Tatu ameshika simu, anacheka peke yake.

Nitende haki: Tatu hajawahi kuchukua hata kijiko. Ana mama yake mgonjwa kule Berega, anamtegemea yeye. Niliyafikiria yote hayo. Kisha nikampigia bosi wetu, Mama Masanja, anayekaa Kilosa mjini.

"Shikamoo mama. Tuna mwizi wa barua. Sipendi kumtaja mtu bila ushahidi. Ni Tatu."

"Una uhakika, Eliza?"

"Ameniamkia, mama."

"Nakuja na fundi wa kompyuta. Ikiwa ni kweli, Tatu leo analala kwao."

Saa ya chai Tatu akaniletea kikombe, kama kawaida. Nikakisogeza pembeni. Huwezi kujua. (Kilikuwa na tangawizi. Nimekijutia sana.)

Saa nane wakaingia, Mama Masanja na fundi Hamadi. Tatu akaitwa. Mzee Yohana naye akaja na mwiko mkononi, hakuna aliyemwita. Nikaeleza ushahidi wangu, hatua kwa hatua. Tatu machozi yakawa yanamlenga.

"Dada Eliza, nimekuamkia mlangoni saa moja ukaitikia. Nikuamkie tena kwenye kompyuta, nina shida gani?"

Kusema haki, lilikuwa swali zuri.

Hamadi akakaa kwenye kiti changu. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Dada Eliza, wiki iliyopita nilikupigia nikakuuliza, nikuongezee anwani ya pili, ya maoni ya wageni. Ulijibuje?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimebeba supu ya mgeni. Nilisema sawa, weka tu.

"Basi nikaiweka humuhumu. Zote mbili zinaingia hapa, na kwenye mipangilio ikabaki hiyo ya pili ndiyo inayotuma barua mpya. Hilo ni kosa langu. Juzi mwalimu umemwandikia kwa Maoni. Na leo umemwandikia Maoni ukiwa Maoni." Akageuka kwa bosi. "Mama, hakuna mwizi. Dada amejiamkia, na ameitikia."

Halafu akazisoma kwa sauti. Moja baada ya nyingine. Alipofika "Nakuona", Mzee Yohana akatoka nje na mwiko wake. Wageni wa chai wakageuzia nyuso ukutani.

Mama Masanja hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Nilishaanza kufikiria nani nimweke mahali pa Tatu," alisema. "Eliza, mwombe radhi."

Nikamwomba radhi Tatu, mimi mkubwa kwake, mbele ya wote. Niliyeanza na ushahidi nikamaliza kwa kutazama vidole vya miguu yangu. Nikamwuliza basi asubuhi alikuwa anacheka nini. Kumbe mama yake ametoka hospitali jana, na shangazi alikuwa amemtumia picha ya huyo mama akicheza ngoma na fimbo ya kutembelea.

Hamadi akairudisha anwani ya mapokezi iwe ndiyo inayotuma barua mpya. Nikamwandikia mwalimu upya, nikakagua juu ya barua mara nne imetoka kwa nani. Amejibu anakuja.

Jioni Tatu akapita na ndoo yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo dada Eliza."

Nikafungua mdomo.

"Au subiri," akasema, "labda umeshajiitikia."

Mnaotaka kucheka, chekeni kwa zamu. Mimi zamu yangu naiacha, nina kikombe cha tangawizi cha kwenda kuomba upya.