Bunduki Bega la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu. Namshukuru hata jogoo wa jirani kwa kuniamsha. Nimeanza kazi! Filamu ya vita, tena vita vile vile alivyopigana baba mkwe. Kazi yenyewe ni kubeba masanduku ya sare. Sijali. Haba na haba hujaza kibaba.

Karibu na mwongozaji wa filamu kuna kiti cha kukunja chenye mwavuli. Mgongoni kimeandikwa MSHAURI WA HISTORIA. Anakikalia Bwana Ghala, mtunza silaha za bandia, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alinitazama kama nzi aliyeingia kwenye chai. Basi mchana nikamwambia mwongozaji kwamba sare zote zimekosewa. Akauliza nimejuaje. Nikasema nina ushahidi.

Sina. Lakini kesho nitakuwa nao.

Jumanne, 4 Machi

Ushahidi umepatikana! Sebuleni kwa baba mkwe (ndiko tunakoishi, tangu mradi wangu wa sungura ulipotoroka wenyewe) kuna picha ya zamani ukutani. Mzee na kikosi chake, siku ya kwenda vitani. Mwisho wa safu ya nyuma amesimama mdogo wake, ambaye hakurudi. Hana picha nyingine ya marehemu. Mzee alipoingia kuoga, nikaichomoa. Nikatundika kalenda mahali pake.

Picha haidanganyi! Bunduki zinaning'inia bega la kushoto. Chuma cha kukokia kiko kushoto. Mfuko wa shati uko kulia, na vifungo vimekaa kama vya blauzi. Bwana Ghala ametengeneza kila kitu kinyume! Nikamwumbua mbele ya watu. Akabisha, eti hajawahi kuona bunduki ya wakati ule inayokokiwa kushoto. Nikamuuliza kama alikuwepo. Seremala akaanza kung'oa vyuma upya. Mshonaji akasonya, akasema niombe nisikutane naye njiani.

Kiti nimekikalia mimi. Mwavuli una kivuli kizuri mno.

Jambo dogo tu. Baba mkwe ana kovu shavu la kulia. Pichani liko la kushoto. Labda makovu huhama mtu akizeeka.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi mzee kaulizia picha. Nikasema nimeipeleka ikawekewe fremu mpya, nilitaka kumshtukiza. Loo! Macho yalimlowa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ahsante mwanangu, fremu ile imeliwa na mchwa na miguu yangu hainifikishi mjini. Akanimegea nusu ya mkate wake. Ulinikwama kooni. Mke wangu alinitazama tu. Yeye akinyamaza, heri agombe.

Kazini nimewapanga askari kama walivyo pichani. Wote bunduki bega la kushoto, isipokuwa wa mwisho safu ya nyuma, ambaye yake iko bega la kulia. Bwana Ghala akacheka, akasema kumbe hata picha yangu ina mjinga wake. Nikamjibu kwamba picha ni picha. Kama askari yule alikosea, basi na sisi tutakosea naye. Nafasi hiyo nimempa kinyozi mwembamba aliyekuja kuigiza, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Sawasawa kabisa na pichani.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Nimeketi kitini, picha mapajani, nikimfundisha seremala rangi ya mti wa bunduki za kale. Nikanyoosha mkono kuonyesha. Kiwiko kikagonga kopo la vanishi, likamwagikia picha.

Nilifuta kwa shati. Nilipuliza. Kila nilipofuta, ndivyo doa lilivyozidi. Kikosi kizima ni salama, mzee mwenyewe ni salama. Aliyepotea ni mdogo wake. Uso, kofia, bega, bunduki, vyote ni doa la kahawia.

Seremala alivua kofia, kama aliyefika msibani. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepiga picha gwaride zima. Lilipendeza! Mwongozaji akafurahi, akatangaza kwamba kesho amemwalika mzee wetu mmoja aliyepigana vita vile aje kuona. Nikauliza mzee gani. Akasema baba mkwe wangu, si nilijigamba kwamba ndiye aliyenifundisha yote? Nikapendekeza mzee apumzike, ana miguu mibovu. Akasema ameshaandaliwa gari!

Nimejaribu kuugua. Mke wangu kanigusa paji la uso, akasema sina homa, nina jambo.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba chenye giza, televisheni kubwa. Mzee kaketi mbele, kavaa koti lake la kanisani. Gwaride likaanza. Akainama mbele. Akauliza kwa upole hili ni jeshi la nani.

Mwongozaji akanigeukia. Ikabidi niitoe picha. Niliichomoa chini ya shati kama mwizi, na kweli ndiye mimi. Nikasema yote: kalenda, fremu ya uongo, vanishi. Mzee akaichukua picha. Akapitisha kidole kwenye doa. Hakuniangalia. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba mpiga picha wa siku zile aliisafisha akiwa ameipindua filamu ya kamera, kulia kukawa kushoto. Nyumbani kila mtu anajua. Hata kovu liko upande usio wake, hukuona?

Niliona! Ndiyo aibu yenyewe.

Bwana Ghala alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, nadhani ili anione vizuri. Kupiga upya haiwezekani: uwanja tumeshaurudisha kwa wachezaji wa mpira, waigizaji wamekwenda zao. Mwongozaji akaketi sakafuni.

Ndipo mama anayekata na kuunganisha filamu akasema, bila kuacha kutafuna karanga, kwamba kilichogeuzwa hugeuzika. Akabonyeza mahali. Gwaride likapinduka. Bunduki bega la kulia! Mifuko kushoto! Chuma mahali pake! Watu wakapiga makofi. Bwana Ghala peke yake akanyoosha kidole: yule wa mwisho nyuma, sasa yeye ndiye yuko kushoto, afutwe.

Mzee akasimama. Akasema asiguswe.

Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akasema mdogo wake alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Walimwita Mashoto. Kila gwaride bunduki bega la kushoto, kila gwaride adhabu, na hakuacha. Na kofia, akasema, ndivyo alivyoivaa, mpaka kwenye nyusi. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akamsalimia kinyozi wa watu pale kiooni kwa jina la utani la ndugu yake, akalia, akacheka, akanivuta nikasimama naye. Nami nililia. Namshukuru huyu mzee kuliko ninavyojua kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Mama wa karanga ametutolea picha ya gwaride kwenye karatasi. Iko ukutani, kando ya ile yenye doa. Fremu zote mbili ni mpya, seremala katengeneza. Kalenda imerudi jikoni. Mzee aliwaambia majirani kwamba mkwe wake ni mpumbavu, na kwamba bila upumbavu huo asingemwona tena ndugu yake. Kisha akanimegea mkate. Leo umeteremka vizuri.

Ahsante mzee. Ahsante mke wangu, aliyenisemesha tena saa ya chakula. Ahsante hata Bwana Ghala, aliyekubali kukaa kitini kwa zamu.

Kwa zamu! Mtu mwenye kipaji changu!

Mwezi ujao wanaanza filamu ya vita vya baharini. Yule kinyozi ana picha ya mabaharia dukani kwake, juu kabisa ya kioo, babu yake yumo. Nimeiona. Kesho akiinama kufagia nywele, naichomoa. Kalenda ninayo.