Hotuba ya Kuzindua Diski ya Jitu la Chuma Goraimaru Mjini Hamakuri

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Hamakuri, ambaye ameomba radhi kwa kuwa yuko kwenye kikao cha kupanga vikao. Mheshimiwa Naibu Meya, anayemwakilisha Meya, na ambaye naye anawakilishwa na kiti chake hapa kuliani kwangu. Mwenyekiti wa Ushirika wa Wakulima wa Vitunguu Majani. Kamanda wa Zimamoto ya Kujitolea pamoja na kofia yake. Mkuu Mstaafu wa Posta, Kaimu Mkuu wa Posta, na wote wanaotarajia kuwa Wakuu wa Posta. Wananchi mia nne na kumi na wawili mlioketi kwa mpangilio wa kupendeza. Mabibi na mabwana: mimi, Ashizawa Tokuji, Mkurugenzi wa Idara ya Kukuza Mvuto wa Mji, Kitengo cha Sinema na Takataka, nainama mbele yenu mara tatu. (Anainama mara nne. Makofi.)

Leo tumekusanyika katika ukumbi wa shule hii, iliyofungwa kwa kukosa watoto, ili kuzindua rasmi diski ya kutazamia nyumbani ya filamu kubwa ya mapambano, "Goraimaru", inayohusu jitu la chuma lenye urefu wa mita sabini na mbili nukta nne, ambalo linatoka baharini, linavuka mji wetu kwa hatua kumi na moja, na kupigana na jitu jingine la chuma ambalo, kwa ombi la idara yangu, linaangukia upande wa mji jirani. (Makofi marefu.) Mtauliza, filamu imerukaje majumba ya sinema ikaja moja kwa moja kwenye diski? Tathmini yetu imeonyesha kwamba jumba la karibu liko mwendo wa saa mbili kwa treni, na treni yenyewe iliondolewa, kwa hiyo, kwa asilimia mia moja ya wakazi, kuruka huko ni maendeleo.

(Mzee Hirobe, muuza tofu, jibini ya soya: "Ashizawa, sisi tumekuja kuiona, hatukuja kuisikia. Chomeka hiyo diski.")

Tutafika huko, Mzee Hirobe. Mchakato una hatua zake. Kwanza nikumbushe Jumapili ile ya mwezi wa tatu mwaka jana, siku ya kupiga picha tukio la wananchi kulikimbia jitu, ambapo mimi binafsi, bila kujali umri wangu wala ngazi yangu ya utumishi, nilipanda juu ya gari la zimamoto na kipaza sauti, nikatangaza kwamba linakuja. Na ninyi mkafanya nini? Mkajipanga mistari miwili. Miaka arobaini ya mazoezi ya tetemeko ilionekana: hakuna kusukumana, hakuna kukimbia, hakuna kuongea, hakuna kugeuka nyuma. Mlilikimbia jitu kwa kutembea, mito ya kukalia ikiwa vichwani kama kinga, na mlipofika njia panda, taa ilikuwa nyekundu, mkasimama. (Makofi ya Kamanda wa Zimamoto.) Muda wa wastani ulikuwa dakika kumi na tisa, ingawa kwa hesabu zetu jitu lingewakanyaga wote kwenye dakika ya kwanza, jambo linaloonyesha kwamba tulivuka lengo.

Isipokuwa mtu mmoja, marehemu Mzee Nemoto Eiji, fundi baiskeli, miaka sabini na minane, ambaye alikuwa wa mwisho mstarini, akageuka, akakimbia kulielekea jitu. Mwananchi pekee wa Hamakuri aliyemshambulia adui.

(Bi Nemoto, mjane wake, anasimama safu ya mbele. "Hicho ndicho kilichonileta, Bwana Ashizawa. Miaka hamsini na mmoja ya ndoa sikuwahi kumwona mume wangu akikimbia. Treni inaondoka, yeye anatembea. Siku ile nilikuwa mbele, sikugeuka, kwa sababu ulitukataza. Nikasikia king'ora tu. Kabla ya mwaka kwisha akafariki. Niwekee hapo anapokimbia, kisha niende zangu.")

Ombi lako limepokelewa, Bi Nemoto, na nafurahi kukuarifu kwamba diski hii ina saa tatu za matukio ya ziada, sauti kutoka pande sita, maelezo ya mkurugenzi wa idara, yaani mimi, na kwamba toleo hili la kwanza ni la idadi maalumu sana, yaani nakala moja. (Mzee Hirobe anapanda jukwaani, anachukua kasha, anafungua. "Hii ni kalenda ya siku za kuzoa takataka.") Ni kalenda ya takataka, lakini imechapwa kwa rangi. Wananchi, tuseme pamoja: Hamakuri? (Wananchi: "Inavutia.") Jitu la chuma? ("Letu.") Chupa na makopo? ("Jumatano.")

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mwongozaji wa filamu, ambaye angekuja kama angekuwepo. Nawashukuru wapiga picha, kwa kamera ambazo Jumapili ile hamkuziona kwa sababu ya kutogeuka, na ambazo hata mngegeuka msingeziona. Naishukuru kampuni ya filamu ya Tokyo kwa barua yake, yenye muhuri mwekundu, isemayo: "Ombi lenu tutalifikiria kwa mtazamo wa kusonga mbele." (Minong'ono ukumbini.)

Najua, maana yake ni hapana. Ndiyo barua ninayowaandikia mimi mwenyewe miaka ishirini na miwili, mlipoomba daraja, mlipoomba daktari, mlipoomba treni irudi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kwenda kituoni kuingoja. Lakini ilipokuja kwangu, niliisoma kama mtu asiyezaliwa nchi hii. Nikasema wamekubali. Nikasema tufanye mazoezi, kamera zitatukuta tayari. Na mlivyorudi nyumbani mmefurahi vile, mkidhani mmepigwa picha, sikujua pa kuanzia.

(Bi Nemoto: "Kwa hiyo hakuna picha.")

Hakuna, Bi Nemoto.

("Wewe ulikuwa juu ya gari. Ulikuwa umetazama kule.")

Nilikuwa nimetazama kule.

("Basi niambie wewe, mwanangu. Usinipe takwimu.")

(Ashizawa anaweka karatasi chini. Anahama kutoka kwenye kipaza sauti.) Alikimbia vibaya. Magoti nje, mikono mbele, kama mtu anayesukuma baiskeli ambayo haipo. Kandambili moja ilibaki pale kwenye taa. Nimesema alilishambulia jitu, lakini si kweli, alikuwa anaelekea nyumbani kwenu. Alikuwa anakuita, king'ora kikafunika sauti, nikaja kumsikia alipopita chini yangu. Alikuwa anasema, "Shizue, gesi umezima?"

(Bi Nemoto anakaa. "Nilizima," anasema.)